Kuchanganya Ala za Asili na Muziki wa Kielektroniki kwa Kujitegemea

Kosa linaloharibu kazi nyingi za namna hii hutokea mwanzoni kabisa, pale mwanamuziki anapotengeneza mdundo kwenye kompyuta kisha akamwita mpiga ala wa asili aje kuufuata. Anza kinyume chake. Mrekodi mpiga ala peke yake, katika chumba chenye mazulia na mapazia ya kumeza mwangwi, kwa biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi ya kidijitali), na uache nafasi ya kama desibeli 10 juu ya pigo lake lenye nguvu zaidi ili sauti isipasuke.

Kinachofuata ni tuni, na hapa usiharakishe. Programu za kurekodia huigawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100 (senti ni kipimo kidogo cha tofauti ya kimo kati ya sauti mbili), ilhali ala nyingi hazijui mgawanyo huo. Slendro, ngazi ya sauti ya gamelan (makundi ya ala za kugonga) za Indonesia, ina sauti tano zinazoachana kwa takriban senti 240, na seti mbili za gamelan mara nyingi hazilingani. Katika Rast, moja ya maqam (ngazi za sauti) za Waarabu, sauti ya tatu hukaa karibu na senti 350 juu ya ile ya kwanza, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kitufe. Ukiilazimisha sauti hiyo kwa programu ya kusahihisha tuni, utakuwa umeondoa kile kile kilichokufanya uipende. Pima kila nota kwa kipima tuni kinachoonyesha senti, andika tofauti zake, kisha irekebishe sinthesaiza, yaani kifaa au programu inayotengeneza sauti za kielektroniki, iifuate ala. Sinthesaiza nyingi za programu husoma mafaili ya Scala, yanayoeleza tuni ya kila nota. Isiyosoma, itumie kwa besi ya nota moja moja, ukiisogeza kila nota kwa amri ya kupinda sauti ya MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki hupashana maagizo.

Kuhusu mdundo, usimpe mpiga ala mlio wa kuhesabia. Weka alama kwenye pigo la kwanza la kila duru aliyoipiga, kisha uiagize programu ibadilishe mwendo kwa kufuata alama hizo. Katika midundo ya Afrika Magharibi ambamo kengele hugonga mara 7 ndani ya mapigo 12, ngoma ya kielektroniki inayopiga kila baada ya mapigo matatu hukaa vizuri mno, mradi milio midogo ya juu nayo igawanywe kwa tatu, si kwa nne.

Kabla ya kutoa kazi, andikianeni mkataba unaotaja jina la mpiga ala na mgawo wake, katika utunzi na katika rekodi, kwa kuwa hizo ni haki mbili tofauti. Sampuli, yaani kipande kilichochukuliwa kutoka rekodi ya zamani, nayo inahitaji idhini ya mwenye rekodi, na pia, kwa maoni yangu, ya jamii iliyouhifadhi wimbo huo, hata pale sheria isipodai. Mkikubaliana, ombeni namba ya ISRC, utambulisho wa kimataifa wa rekodi, kwa kila rekodi, kisha mkabidhi kazi kwa msambazaji wa kidijitali.