Kihamba (shamba la nyumbani) kina mibuni ya zamani? Ibebeshe chotara, usikimbilie kung'oa

Wadau wa kahawa wa Kibosho, Machame, Marangu mpaka kule Arumeru, kama bado una ile mibuni ya wazee, N39 au KP423, mnajua masika yakikolea kinachofuata: buni zikiwa bado kijani zinapata madoa meusi yanayodidimia, zinakauka, nyingi zinadondoka. Hiyo ndo chulebuni, fangasi aliyegunduliwa Kenya mwaka 1922, anapenda ubaridi na mvua, na mwaka mbaya mti ambao haujapigwa dawa unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya buni. Ukishuka kwenye joto kidogo kuna kutu ya majani nayo, ule unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, jani linapukutika na mti unabaki uchi.

Kupiga mrututu (dawa ya shaba ya kuua fangasi) kila msimu inasaidia, sikatai, ila gharama haiishi. Mimi nasema badili mti wenyewe kwa kubebesha, yaani kupandikiza kikonyo (kipande cha chipukizi) cha chotara juu ya kisiki cha zamani, maana kuna mibuni inazaliwa na kinga yake.

Kinga yenyewe imetoka mbali. Kisiwa cha Timor, miaka ya 1920, arabika na robusta zilichanganyika zenyewe shambani bila mtu kuzigusa, ukapatikana mti wenye umbo la arabika lakini umebeba jeni za robusta za kupambana na kutu, na kwenye chulebuni pia uko vizuri. Mwingine ni Rume Sudan, huo ni arabika halisi na unaistahimili chulebuni. Kenya wakatumia damu hizo kutoa Ruiru 11 mwaka 1985, na hapa kwetu watafiti wa Lyamungu (sasa hivi ni TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania) nao wametoa chotara zao zinazovumilia magonjwa yote mawili.

Sasa muelewe kitu kimoja, kinga haimaanishi fangasi hatui kwenye mti. Anatua vizuri tu, ila buni ya chotara inajenga tabaka la gamba chini ya ngozi, kidonda kinaishia juu juu na kubaki kikovu cha kahawia kisichoendelea ndani. Kwenye jani hivohivo, seli zinazozunguka fangasi zinakufa haraka anakosa chakula, utaona kidoa cha njano kisicho na unga. Kwahiyo ukiona vikovu usikurupuke kusema umeuziwa miche feki.

Kazi inaanza baada ya kuvuna, kabla masika hayajaanza. Chagua visiki vyenye mizizi mizima. Mti wenye matundu ya bungua (mdudu anayetoboa shina) chini au wenye mnyauko usiubebeshe, utapoteza nguvu zako bure, huo ng'oa. Mingine kata urefu wa goti hivi, mkato uwe wa mshazari ili maji yateleze, na usikate shamba lote kwa mkupuo, gawa mafungu matatu kila mwaka fungu moja ili nyumbani pasikose kahawa ya kuuza. Machipukizi yakitoka mengi acha mawili au matatu yenye afya, yakifika unene wa penseli ndo unabebesha.

Hapa kwenye vikonyo ndo watu wengi wanaharibu. Kikonyo kikatwe kwenye chipukizi linalosimama wima, SIO tawi la pembeni lile linalozaa, maana mbuni una matawi ya aina mbili na tawi la pembeni ukilibebesha litaendelea kutambaa kwa pembeni maisha yake yote, halitakupa mti. Na vitoke bustani mama inayojulikana, uliza jina la kikonyo uandike kwenye daftari. Maotea, ile miche inayoota yenyewe kutoka mbegu chini ya chotara ya jirani, msichukue jamani! Mbuni wa arabika unajichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwahiyo kama mama ana nakala moja tu ya jeni ya kinga, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anazaliwa bila kabisa, na kwa macho huwezi kumjua mpaka chulebuni imfikie miaka kadhaa mbele. Kikonyo ni mama yuleyule, hakibahatishi.

Kubebesha kwenyewe: wembe mkali uliofutwa spiriti, kata chipukizi juu, pasua katikati sentimita tatu hivi, kikonyo chenye pingili moja na majani yaliyopunguzwa nusu kichonge kama kabari, kiingize mpaka ganda likutane na ganda angalau upande mmoja, funga kwa mkanda wa nailoni kwa kukaza, vika kimfuko cha plastiki angavu. Kivuli cha migomba kinasaidia sana. Wiki ya tatu au ya nne kikiwa bado kijani anza kufungua mfuko kidogo kidogo.

Baada ya hapo kila ukipita shambani toa vichipukizi vinavyoota CHINI ya kiungio, hivo ni N39 ileile, vinakua kwa kasi na ukivilea vitakizidi kikonyo, ndani ya muda mfupi uko na mti wako wa zamani. Changanya vikonyo vya majina tofauti shambani pia, kwa sababu kutu hubadilika: kule Honduras aina ya Lempira ilisifiwa kwa kuhimili kutu, mwaka 2017 ikathibitika imeshindwa.

Wadudu kama kimatira, ruhuka na bungua kinga hii haiwahusu, hao endelea kuwawinda kama kawaida. Na siku ukiona unga wa chungwa kabisa chini ya jani la chotara, chuma majani machache, yafunge kwenye gazeti sio mfuko wa plastiki maana yataoza, andika jina la kikonyo, umpelekee bwana shamba mapema au ufike Lyamungu mwenyewe.