Tengeneza kagemu kako ka mafumbo kwa Bitsy: giza, nyumba moja na LUKU imeisha

Wengi wanaotaka kutengeneza gemu wanaanza na ramani ya mji mzima na wahusika kibao, halafu baada ya muda kimya, mradi umekufa. We anza na nyumba moja, vyumba vinne, fumbo moja la maana, gemu ambalo mtu analimaliza kabla chai haijapoa, na litoe bure. Kifaa cha kazi hii kinaitwa Bitsy, alikitengeneza Adam Le Doux, hakina malipo na kinafanya kazi ndani ya brauza kwa hiyo hamna cha kuinstoo, ila kuchora fanyia kwenye kompyuta maana kwenye simu utajitesa tu.

Bitsy ni maskini na ndo raha yake. Chumba ni vigae 16 kwa 16, kila kigae pikseli (vinukta vya rangi) 8 kwa 8, rangi za kawaida ni tatu kwa chumba (ya nyuma, ya vigae, na ya wahusika pamoja na vitu vya kuokota), na mchoro ukicheza unacheza kwa fremu mbili basi, yaani picha mbili zinazopokezana. Mchezaji haandiki kitu, anatembea na kugongana na vitu, kwa hiyo fumbo lako litoke kwenye kutembea, kuokota na kuangalia vizuri.

Sasa stori. Achana na majumba ya mizimu ya Ulaya, kwetu giza tunalijua vizuri. Yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zimeisha usiku, tokeni ilishanunuliwa ila namba zake 20 zimeandikwa kwenye vikaratasi vitano, nne nne, na vimetawanyika ndani ya nyumba. Mchezaji avikusanye vyote arudi kwenye mita. Mtanzania yeyote hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, na hiyo inakuokolea maneno mengi sana, kwa sababu kisanduku cha maandishi cha Bitsy kinaonyesha mistari miwili tu kwa wakati mmoja.

Chora karatasi kama kitu cha kuokota, moja tu, halafu iweke mara tano sehemu tofauti, Bitsy yenyewe itahesabu ngapi zimeokotwa. Kwenye maneno ya hiyo karatasi tumia orodha ya kufuatana ili kila akiokota aone namba nne zinazofuata na sio zilezile. Mita iwe mhusika, ndiyo, mhusika kama mtu, sababu wahusika ndo wanaongea ukiwagonga. Mpe mita masharti: karatasi zikiwa chini ya tano inasema "Namba hazijatimia", zikifika tano inasema "Imekubali" na hapohapo inamhamishia mchezaji chumba kingine, hiyo amri ya kuhamisha ipo ndani ya maongezi wala huhitaji kujua kuandika programu.

Hicho chumba kingine ni nakala ya sebule ileile. Bonyeza kunakili chumba, kipe paleti (seti ya rangi za chumba) nyingine yenye mwanga, tayari umeme umerudi.

Hapa ndo utamu ulipo sasa. Kwenye paleti ya giza fanya rangi ya vigae ikaribiane sana na ya nyuma, kwa mfano bluu iliyokolea juu ya nyeusi, yaani kuta zionekane kwa shida. Halafu mchore mtu amekaa kwenye kiti, ila usimchore kama mhusika, mchore kama kigae na uweke tiki ya ukuta. Gizani mchezaji atagonga kitu katikati ya sebule asielewe ni nini, hakiongei, atakizunguka aendelee na karatasi zake. Umeme ukirudi anamwona. Alikuwepo muda wote! Usiandike hata neno moja hapo, ukieleza umeua.

Karatasi nne ziwe rahisi, ya tano ndo fumbo. Chora kalenda ukutani chumba cha baba, ila kigae hicho usikiwekee tiki ya ukuta, kwa hiyo kinapitika na karatasi iko nyuma yake. Lakini lazima utoe dokezo, la sivyo sio fumbo ni bahati nasibu. Weka jirani dirishani aseme, "Mwanangu, baba yako alikuwa haamini droo. Kila kitu nyuma ya kalenda." Lile neno "alikuwa" liache lifanye kazi yake polepole.

Mwanga mdogo unatosha: kibatari cha fremu mbili, moto ukiinama kushoto na kulia. Bitsy ina sehemu ya muziki na milio, lakini mi ningeweka sauti moja chumba kimoja na kwingine kimya, maana gemu fupi likipigiwa muziki mwanzo mwisho linakuwa kama daladala.

Angalizo, kazi yako inahifadhiwa kwenye brauza, ukifuta data za brauza imeenda, so kila ukimaliza kipande shusha faili la HTML uweke pembeni, unaweza kulirudisha baadaye ukaendelea.

Kabla hujalitoa mpe mtu acheze, kaa nyuma yake na ufunge mdomo. Akikwama kwenye kalenda usimwambie, angalia anazunguka wapi, hapo ndo pa kuongeza dokezo. Kwenye simu anaburuza kidole tu mwelekeo anaotaka kwenda. Likikaa sawa fungua akaunti itch.io, tovuti ya kuweka gemu zako, pandisha hilo faili, chagua aina ya HTML, weka tiki kwamba linachezwa kwenye brauza, na kwenye bei chagua hakuna malipo. Faili ni dogo, halitammalizia mtu bando.