Spika za masikioni za kuvaa ndani ya helmeti ya pikipiki: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Spika nyingi za masikioni zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea, anayekimbia au aliyekaa kwenye basi. Ndani ya helmeti hali ni nyingine kabisa. Mito ya mashavuni inabana sikio, upepo una kelele kuliko injini, na mikono iko kwenye usukani ikiwa imevaa glavu, kwa hiyo kitu kikikaa vibaya kitabaki hivyo hadi usimame. Ndiyo maana spika inayosifiwa kwa besi nzito na sauti tamu huweza kukutesa ndani ya nusu saa ya safari. Kabla hujauliza habari za muziki, ikague spika kama kizibo cha sikio: inaziba kiasi gani, imelala ndani kiasi gani, na itakaa muda gani bila kuuma. Ikifaulu hapo, sauti ya kawaida tu itakutosha.

Chanzo cha yote ni upepo. Pikipiki ikipita mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, kelele ya upepo unaozunguka helmeti huanza kuishinda ile ya injini. Ukifika kilomita 100 kwa saa, kelele ndani ya helmeti, hata ya bei kubwa, mara nyingi huwa desibeli 95 hadi 100, na wakati mwingine zaidi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 88 ni saa 4, desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Safari ya kawaida kati ya mji na mji humaliza muda huo kabla hata ya kufika nusu ya njia.

Sasa tazama kinachotokea mtu akivaa spika isiyoziba. Upepo unaingia, hasikii maelekezo ya ramani ya simu, anaongeza sauti. Upepo haujapungua, na juu yake amepandisha muziki hadi uushinde. Sikio linabeba mizigo yote miwili. Madhara yake hayaumi papo hapo: utashuka kwenye pikipiki ukiwa na mlio masikioni au ukisikia watu kana kwamba wako chumba cha pili, kesho yake hali inarudi, unasahau. Seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena.

Wapo wanaohofia kwamba kuziba sikio kutawanyima honi na ving'ora. Kwenye mwendo mdogo mjini hofu hiyo ina msingi, na huko ni busara kuzima muziki kabisa au kutovaa chochote masikioni. Kwenye mwendo wa kasi mambo yako tofauti. Kizibo hupunguza upepo na honi kwa pamoja, kwa hiyo honi haizami zaidi ndani ya upepo kuliko ilivyokuwa, na sikio ambalo halijazidiwa huitambua vizuri zaidi. Kinachoifunika honi ni muziki wa juu. Usitumie kifaa chochote cha masikioni kama huwezi kukitumia kwa sauti ya chini.

Sheria iangaliwe kabla ya pesa kutoka mfukoni, kwa sababu nchi hazifanani. Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2015, imemkataza dereva kuvaa sikioni kifaa chochote cha kutoa sauti. Faini yake ni euro 135 pamoja na kupunguziwa pointi 3 za leseni, ila spika zilizofungwa ndani ya helmeti zinaruhusiwa. Jimbo la California nchini Marekani linaruhusu sikio moja tu. Kama unakoendesha wanaruhusu sikio moja, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono, inayounganisha sauti za pande zote mbili, ili usipoteze nusu ya muziki, na ile spika moja iwe upande ambao haukutani na magari mengi. Sikio la pili nalo lina haki ya kukingwa na upepo. Uliza kama kizibo cha kawaida kinakubalika.

Umbo ndilo linalowaangusha wengi. Spika yenye mkia unaoning'inia nje ya sikio hufaa kila mahali isipokuwa ndani ya helmeti: mto wa shavuni huusukuma mkia juu wakati wa kuvaa, na huuvuta wakati wa kuvua. Spika nene inayojitokeza kama kifungo ni mbaya zaidi, maana helmeti huikandamiza ndani na mgandamizo wote huishia kwenye ngozi ya tundu la sikio. Kuna kipimo rahisi kinachoweza kufanyika dukani. Vaa spika, chukua rula au kadi ngumu ya benki, iegemeze kando ya kichwa ikiwa wima, iguse ukingo wa juu wa sikio na ndewe. Rula ikigusa sikio na kupita juu ya spika bila kuikuta, hiyo itakaa. Ikikutana na spika kwanza, hata kwa milimita 2, rudisha kwenye boksi. Usijidanganye kwamba mto wa helmeti ni laini: ulaini huo unapotea ukishakaza mkanda.

Helmeti yenyewe nayo ikaguliwe. Nyingi za kisasa zina shimo la mviringo usawa wa sikio, lililoachwa kwa ajili ya spika za helmeti na kufunikwa na kipande cha sponji chenye kitambaa. Kipande hicho kikiwa cha kutoka, kitoe. Utapata nafasi ya milimita kadhaa bila kuharibu kitu. Kisichokubalika ni kuchimba au kukwangua lile povu gumu lililo nyuma ya kitambaa ili kutengeneza nafasi. Povu hilo ndilo linalonyonya nguvu ya pigo, na ukilipunguza pembeni mwa kichwa helmeti haiko tena kama ilivyopimwa.

Vichwa vya spika, yaani vile vipande laini vinavyoingia kwenye tundu la sikio, vinastahili muda mrefu kuliko spika yenyewe, kwa kuwa ndivyo vinavyoziba. Vya silikoni ni rahisi kuosha na hudumu, lakini huteleza sikio likitoa jasho, na vikipigwa na mto wa shavuni huachia pembeni kidogo tu na upepo ukaingia. Vya sponji inayojirudisha umbo huziba vizuri zaidi na hushika. Vinahitaji kuvaliwa kwa utaratibu wake: bana sponji kwa vidole na kuizungusha hadi iwe nyembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza spika, kisha ishikilie sekunde 20 hadi 30 wakati sponji inatanuka. Ukiiachia mapema itajisukuma nje yenyewe. Wakati wa baridi sponji hutanuka polepole, kwa hiyo ipashe joto kwanza mkononi.

Usidhani masikio yako mawili yana ukubwa mmoja. Ni jambo la kawaida kabisa kuvaa kichwa cha spika cha ukubwa wa kati kulia na kidogo kushoto. Kipimo cha kuziba ni sauti yako mwenyewe: ukishavaa vizuri pande zote mbili, ukihesabu kwa sauti utasikia maneno yanavuma ndani ya kichwa, na ukifunika masikio kwa viganja kelele ya chumbani haitabadilika sana. Kisha fungua na ufunge mdomo mara kadhaa. Taya likisogea hubadili umbo la tundu, na spika ambayo sauti yake ya besi inakuja na kutoweka kila unapofungua mdomo itakuachia njiani ukiongea au ukipiga miayo.

Kabla ya kununua vichwa vya sponji peke yake, hakikisha vinaingia kwenye shingo ya spika yako. Spika nyingi zisizo na waya zina shingo fupi, nyingine ya duara lililobinywa, na kichwa cha aina nyingine kitabaki ndani ya sikio ukivuta spika. Angalia pia kama kasha la kuchajia litafunga. Kichwa kinene huinua spika, ncha za chaji hazigusani, na asubuhi unakuta betri ya upande mmoja iko chini.

Teknolojia ya kufuta kelele ndiyo inayouza spika siku hizi, na ndiyo inayowakatisha tamaa waendeshaji. Hufanya kazi kwa maiki za nje zinazosikiliza kelele na kuizalisha kinyume. Inamudu vizuri mngurumo wa chini usiobadilika, kama wa ndege. Upepo wa helmeti haukai hivyo. Unapiga kwa vishindo, unabadilika kila ukigeuza kichwa, na maiki zenyewe zimegusana na kitambaa kinachosuguana nazo. Matokeo yake ni mapigo ya ghafla na mikwaruzo. Ikiwa spika inaziba vizuri bila umeme, teknolojia hiyo ikiwashwa ni nyongeza. Ikiwa haizibi, haitaokoa kitu. Ile hali ya kupitisha sauti za nje nayo izimwe kabla ya kuondoka, maana itauchukua upepo na kukuletea sikioni. Na maiki hizohizo haziwezi kubeba mazungumzo ya simu ukiwa kwenye mwendo. Anayehitaji kuongea njiani atafute kifaa cha mawasiliano cha helmeti chenye maiki mbele ya mdomo.

Spika za kufungwa ndani ya helmeti hazigusi tundu la sikio na hazichokeshi, lakini hazizuii upepo hata kidogo. Tumia pamoja na vizibo vya sponji: sauti ya spika itapenya, upepo utapungua. Zikae mkabala na tundu la sikio, karibu lakini zisiguse. Zikisogea sentimita 1 tu kando utaona sauti imekuwa hafifu. Spika zinazopitisha sauti kwenye mfupa hazifai hapa. Mkanda wake unabanwa na helmeti na sikio limebaki wazi kwa upepo wote.

Waya au bila waya? Waya hauishiwi chaji wala haupotezi muunganisho, na spika zenye waya unaopita juu ya sikio ndizo mara nyingi zilizolala ndani zaidi. Upitishe chini ya koti, uache ulegevu wa kutosha kugeuza kichwa pande zote mbili, na usiuzungushe shingoni. Plagi iwe inayochomoka kwa urahisi ikivutwa. Zisizo na waya zina shida moja kubwa: kugusa. Kitambaa cha helmeti kinagusa sehemu ya kuamrisha, wimbo unaruka, simu inapigwa, sauti inapanda yenyewe. Spika ambayo programu yake hairuhusu kuzima mguso usiinunue kwa kazi hii. Zima pia utambuzi wa sikio, ule unaosimamisha muziki spika ikisogea.

Kuhusu maji, alama ya IPX4 maana yake inahimili matone kutoka pande zote, na kwa jasho la ndani ya helmeti hiyo inatosha. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Alama hizo kwa kawaida ni za spika, si za kasha lake, kwa hiyo usirudishe spika mbichi kwenye kasha. Betri iwe na saa nyingi kuliko safari yako ndefu bila kusimama, kwa sababu upande mmoja ukizima utajikuta unaendesha huku ukisikiliza tangazo la chaji.

Siku ya kwanza isiwe siku ya safari. Vaa spika, kisha kitambaa chembamba cha kufunika kichwa ukiwa nacho, kwa kuwa hushikilia spika na kufanya mto uteleze juu ya sikio. Shika mikanda ya helmeti, ivute nje ili mito ifunguke, anzia mbele kwenda nyuma. Miwani mwishoni. Kaa hivyo saa nzima ukifanya kazi nyingine, ukigeuza kichwa kama unayeangalia vioo. Maumivu yakianza dakika ya 20 hayatapungua njiani. Jaribu kichwa cha spika kilicho kidogo zaidi, na maumivu yakibaki palepale, umbo la spika ndilo tatizo. Mwenye sikio linalouma, linalotoa usaha au lenye kiwambo kilichotoboka asiingize chochote mpaka aonane na daktari.

Sauti ipangwe pikipiki ikiwa imezimwa. Weka kikomo kwenye simu kisizidi asilimia 60, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani pia linashauri, kisha uende mzunguko mfupi ukisikiliza maelekezo ya ramani tu. Ikiwa kwa kiwango hicho huelewi jina la barabara, usipandishe kikomo. Simama, vua helmeti, ziba upya. Ukisikia ghafla upande mmoja umepoteza besi na upepo umepanda, spika imeachia. Usiingize kidole chini ya helmeti ukiwa kwenye mwendo, tafuta mahali salama pa kusimama.

Vichwa vya silikoni vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa. Vya sponji vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, kwani spiriti huivunja sponji ikawa ngumu. Sponji ikichukua zaidi ya dakika moja kurudi umbo lake, au ikirudi mara moja kama mpira, imekwisha: kwa anayeendesha kila siku huwa ni mwezi 1 hadi 3, kwa hiyo jozi za akiba zinunuliwe siku ileile ya kununua spika.