Somo: Soma utafiti wa maoni vizuri kabla hujausema redioni

Ndugu wanachama, somo hili ni la wanaojifunza utangazaji kwa simu na bando tu. Tutatumia tovuti ya Afrobarometer, inayopima maoni ya Waafrika tangu 1999 na kuyaweka wazi bila malipo.

Hatua ya 1. Fungua ukurasa wa nchi yako, ila usikimbilie asilimia. Tafuta dodoso kwanza, usome swali kama lilivyoulizwa. Kuna swali la kama mtu anapendelea demokrasia kuliko utawala mwingine, na kuna swali la kama anaridhika na inavyoendeshwa kwao. Mtu anaweza kuipendelea na asiridhike. Ukiyachanganya hayo mawili hewani umewalisha watu uongo, hata kama tarakimu zako ni sahihi. Mimi hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote.

Hatua ya 2. Angalia waliohojiwa ni wangapi. Mara nyingi ni 1,200 au 2,400. Kwa 2,400, matokeo yanaweza kupanda au kushuka kama pointi 2. Tuseme huyu ana 48, yule 46: sema wamekaribiana, usimpe mtu ushindi.

Hatua ya 3. Andika kwa ajili ya sikio. "Asilimia 51.7" iwe "zaidi kidogo ya nusu". Jirekodi ukisoma; pale pumzi inapokukatikia, weka nukta.

MASWALI

Mwalimu, sijawahi kuhojiwa wala simjui aliyehojiwa. Hao 2,400 wanatusemeaje sote?
Maeneo huchaguliwa kwa bahati nasibu, na kila eneo huhojiwa watu 8 wa kaya tofauti, mwanamke na mwanamume kwa kupokezana. Watu 2,400 ni maeneo 300 tu nchi nzima, kwa hiyo mtaa wenu kurukwa ni kawaida.

Kura tuliyopiga Facebook kwenye kipindi chetu ilipata watu 9,000. Si bora zaidi?
Hapana, kaka. Hao wamejichagua wenyewe. Sema "wasikilizaji wetu waliopiga kura", kamwe usiseme "Watanzania".

Shikamoo mwalimu. Taa nyekundu ikiwaka tu, karatasi inatetemeka mkononi.
Marahaba, mwanangu. Ilaze mezani, usiishike. Halafu kariri sentensi ya kwanza peke yake, uiseme bila kutazama chini. Ukifika ya pili, sauti itakuwa imeshatulia.