Jinsi ya kukata rufaa dhidi ya leseni ya mradi unaochafua mazingira: siku 60 zenu

NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira nchini Kenya, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu, tarehe 7 Septemba 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya leseni kama hizo, likaifuta. Ukiuliza watu, wengi watakusimulia maandamano, fulana na mabango. Fulana zilikuwa na kazi yake, lakini Jopo lilifuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ripoti ya tathmini ya athari za mradi kwa mazingira ilikuwa na mapengo, likiwemo suala zima la mabadiliko ya tabianchi. Yote hayo yalifika mezani kwa njia ya karatasi.

Mwongozo huu ni wa Kenya. Ni wa kikundi cha wavuvi, wakulima au majirani waliosikia kwamba kiwanda, jaa la taka au mtambo umeshapewa leseni karibu nao. Kama NEMA bado inapokea maoni, pelekeni yenu kwa maandishi kabla siku zilizotajwa kwenye tangazo hazijaisha, na nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri. Mtaihitaji.

Kwanza, hesabuni siku

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 129, inampa anayelalamikia leseni siku 60 kwenda mbele ya Jopo, ambalo mawakili hupenda kuliita NET. Siku hizo ni pamoja na Jumapili na sikukuu. Hesabuni kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye leseni, hata kama nyinyi mliiona wiki tatu baadaye. Mabishano ya "sisi tulijua lini" waachieni wenye muda wa kubishana. Chukueni leseni ya Lamu: kutoka 7 Septemba 2016, siku ya 60 iliangukia 6 Novemba, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Basi tieni alama kwenye kalenda siku ya 50, mjifanye hiyo ndiyo ya mwisho. Kuongezewa muda msikutegemee.

Pili, itisheni karatasi siku hiyo hiyo

Hamwezi kupinga ripoti ambayo hamjaisoma. Andikieni NEMA barua ya kuomba habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo msingoje mtoto wa fulani arudi kutoka chuo ndipo muandike. Haya yanatosha:

"Tunaomba nakala ya leseni na masharti yake yote, ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na viambatisho, maoni yote ya wananchi yaliyopokelewa, na kumbukumbu za mikutano pamoja na orodha za mahudhurio."

Ofisi ina siku 21 za kujibu. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya muda wenu, ndiyo maana barua iende siku ya kwanza. Wakikaa kimya au wakikataa, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, lakini rufaa yenu isisimame kungoja majibu ya Tume.

Ripoti ikifika, msiianze ukurasa wa kwanza. Huko mbele ni sifa za mradi na picha za machweo. Anzeni nyuma, kwenye viambatisho. Nimewahi kushika orodha ya mahudhurio yenye majina arobaini yaliyoandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Wawili kati ya hao arobaini walikuwa wameshazikwa kabla ya mkutano. Iteni watu majina yao kwenye baraza, mmoja mmoja, muulize: ulikuwepo? Ulionyeshwa nini? Ulitia sahihi ya mkutano au ya nauli na soda?

Kisha tafuteni majivu. Mtambo wa makaa haumalizi uchafu wake kwenye bomba la moshi; unaacha majivu, na ndani ya majivu mna aseniki, risasi, zebaki na kadimiamu. Huko Lamu jaa la majivu lilikuwa miongoni mwa hofu kubwa za wakazi. Iulizeni ripoti maswali ya mtu wa pwani: jaa liko hatua ngapi kutoka maji makuu ya bamvua? Chini limetandikwa nini? Kusi ikivuma, vumbi linaelekea kijiji gani? Mvua ya masika ikijaza jaa, maji yanatokea wapi? Pale ripoti isipojibu, andikeni namba ya ukurasa.

Tatu, andikeni rufaa

Ilani ya rufaa haihitaji maneno mengi. Inataka jina na anwani ya anayekata rufaa, uamuzi unaolalamikiwa, na sababu fupi zilizo wazi. Kanuni za Jopo za 2003 zinataka nakala sita. Mlalamikiwa wa kwanza ni NEMA iliyotoa leseni, wa pili ni kampuni iliyopewa. Upande wenu msiweke jina la kikundi peke yake, maana cheti cha usajili kikiwa na kasoro mtatumia mwaka mzima kukitetea. Ongezeni majina ya watu binafsi. Rufaa ya Lamu ilikuwa na shirika la Save Lamu pamoja na watu watano.

Sababu ndizo zinazoharibu rufaa nyingi. Hii ni dhaifu: "Kiwanda hiki kitaangamiza vizazi vyetu na hatukitaki." Hii ina meno: "Mikutano iliyotajwa kwenye kiambatisho ilifanyika kabla utafiti haujakamilika. Baada ya ripoti kuandikwa, hakuna mkutano ulioitwa kutueleza madhara wala hatua za kuyazuia." Hoja ya namna hiyo ndiyo iliyolivutia Jopo katika kesi ya Lamu: mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu.

Wakili si lazima, ila kama mnaweza kumpata mmoja kutoka mashirika ya haki za mazingira, mpeni faili likiwa limepangwa, si gunia la makaratasi.

Nne, ombeni ujenzi usimame

Hapa watu wengi huanguka. Zamani kule kukata rufaa kwenyewe kulifanya mambo yabaki yalivyo mpaka uamuzi utoke. Sheria ikabadilishwa. Sasa ni lazima muombe amri hiyo, na Jopo liridhike. Pelekeni ombi hilo pamoja na rufaa, likiambatana na hati ya kiapo na picha zenye tarehe: tingatinga liko wapi, mikoko imekatwa wapi. Bila amri, mtakuwa mnabishana kuhusu leseni huku zege linakauka.

Msigonge mlango usio wenu

Wakazi wa Kibos, Kisumu, waliopinga leseni za viwanda vya jirani, walianzia Mahakama ya Mazingira na Ardhi na wakashinda mwaka 2019. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha ushindi ule, ikisema suala la leseni lilipaswa kuanzia kwenye Jopo. Kupinga leseni, anzieni huko. Madhara yakiwa yameshaingia mwilini, njia ni nyingine: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi na mwaka 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliuvuruga uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024.

Siku ya kusikilizwa

Jopo halifungwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama za kawaida. Mvuvi aseme anachokijua: anatega wapi, anavua nini, msimu gani. Asikariri maneno ya mtaalamu, maana akiulizwa swali la pili atakwama.

Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kampuni ya Lamu ilikwenda, na rufaa yake ilitupwa Malindi mwezi Oktoba 2025, miaka tisa baada ya leseni. Kwa hiyo karatasi za asili zikae kwenye sanduku la bati lenye kifuniko, maana unyevu wa pwani hula karatasi kuliko mchwa, na nakala ya pili ikae kwa mtu asiyeishi nyumba moja na mwenyekiti.