Malakiti haikuambii kitu

Wenzangu mnaookota mawe huku Lubumbashi, kabla ya kurudi kwenye shimo lilelile fungueni daftari. Andika kila mgodi na madini yake yote, halafu hesabu yapi hukaa pamoja, ili yaliyoonekana yakuonyeshe yapi mengine ya kutafuta. Watafiti wa Marekani walifanya hivyo kwa kompyuta, wakachapisha mwaka 2023 utabiri wa madini ya bonde la Tecopa, California. Sisi kalamu inatosha.

Tahadhari moja: malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, iko karibu kila mahali kwetu, kwa hiyo kuiona hakutabiri chochote. Tafuta jozi zinazokutana mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. Ukiona pseudomalakiti na libethenaiti, zote fosfeti za shaba (madini ya shaba yenye fosforasi), lakini konetaiti, fosfeti nyingine ya shaba, haimo kwenye orodha, rudi na lenzi. Huenda ipo ila hakuna aliyeiangalia vizuri; ni vitone vya buluu iliyoiva, na wengi huita azuraiti, ambayo ni kaboneti ya shaba ya buluu. Dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa makali: azuraiti hutoa povu, konetaiti hapana. Na konetaiti ni ya nyumbani kabisa, ilitambuliwa mara ya kwanza kwenye mgodi wa Étoile, hapa hapa mjini.