Ukitumwa Uganda kwa Miaka: Kuupanga Mwezi wa Kwanza

Mtumishi wa kanisa anayetoka Mwanza au Kisumu huvuka mpaka bila wasiwasi. Magari hupita kushoto kama kwao, plagi ni ileile ya pini tatu, hata saa husomwa vilevile: ssaawa emu ya Kiganda ni saa moja yetu ya asubuhi. Basi hajiandai. Ndiyo maana mengi yanayomkwamisha ni yale aliyodhani anayajua.

Anza na siku za juma. Kiganda huhesabu kutoka Bbalaza, yaani Jumatatu. Lwakubiri ni Jumanne, Lwakusatu ni Jumatano, Lwakuna ni Alhamisi, Lwakutaano ni Ijumaa, na Lwamukaaga ni Jumamosi. Sikio la Mswahili likisikia "Lwakusatu" hukimbilia Jumatatu, nawe ukafika kwenye maombi siku mbili kabla ya wenzako. Kila unapoalikwa, taja tarehe kwa sauti na uiandike mbele ya aliyekualika.

Sokoni nako kuna mitego. Ukiomba ndizi utapewa zile fupi tamu za kula mbivu, ambazo huko huitwa ndiizi. Za kupika ni matooke, mbivu kubwa ni bogoya, na za kuchoma ni gonja. Ugali ni posho. Ukisema unataka takisi utaonyeshwa gari la abiria 14, yaani matatu au daladala. Gari la kukodi peke yako ni "special hire". Kwenye takisi, ukikaribia kushuka mwambie kondakta "mu maaso awo", hapo mbele, na useme mapema kidogo.

Karatasi zitangulie safari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinahitajika, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Pasi ya mgeni unayogongewa mpakani hairuhusu kufanya kazi, hata ile isiyo na mshahara. Kibali cha wamisionari, wafanyakazi wa mashirika na wanaojitolea ni daraja G1, na maombi hupitia mtandao wa idara ya uhamiaji ya Uganda. Cheti cha polisi cha tabia njema kichukue ukiwa bado nyumbani, maana kukifuatilia kutoka ng'ambo ni kazi ya wiki nyingi. Kanisa mwenyeji nalo liandae barua yake mapema. Likichelewa, muda wa pasi yako ndio unaoliwa.

Juma la kwanza, kabla hata ya kupanga vyombo, nenda na mwenyeji wako kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa. Mpe jina, onyesha pasipoti, mweleze unafanya nini na kanisa gani. Barua yake ya utambulisho utaihitaji benki na ofisi nyingine, na siku ya shida yeye ndiye atakayesema anakujua. Watumishi wengi huiruka hatua hii kwa kuwa askofu tayari anawafahamu. Ni kosa, kwa sababu jirani hamuulizi askofu.

Kabla ya kulipia nyumba, uliza kama mita ya umeme ya Yaka, ile ya kulipia kabla ya kutumia, ni yako peke yako. Mita ya pamoja huleta ugomvi wa kila mwezi, na mgeni ndiye hushukiwa kutumia zaidi. Pesa za simu ni MTN au Airtel, na laini husajiliwa kwa pasipoti. Unapotoa taslimu hukatwa ada pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5, hivyo lipa moja kwa moja kwa simu inapowezekana.

Lugha ndiyo inayohitaji subira kuliko yote. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya Amin, na wazee wengi wa Buganda bado wanakisikia kama sauti ya askari mlangoni. Usiwaanze nacho. Asubuhi msalimie mzee kwa wingi wa heshima, "Mwasuze mutya, ssebo", au "nnyabo" kwa mama. Rika lako litatosheka na "Wasuze otya". Mchana sema "Osiibye otya". Ukimkuta mtu kazini mwambie "Gyebale ko". Usitaje shida yako mpaka salamu ziishe. Maneno haya ni ya Buganda: Mbarara utasema "Agandi", Gulu "Apwoyo". Kuelekea Arua, Kiswahili chako kitapokelewa kwa furaha. Kanisani hutakuwa mgeni kabisa: ekkanisa, omusalaba na malayika ni maneno utakayoyatambua mara moja. Wamisionari wa kwanza, Waanglikana mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, walikuta Kiswahili kikisemwa katika kasri la Mutesa, mfalme wa Buganda.

Afya: aliyekulia Nairobi au nyanda za Iringa ana kinga ndogo ya malaria, naye Uganda ataikuta karibu kila mahali. Lala ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza. Homa ikija, pima kwanza. Dawa ya mseto (artemether-lumefantrine, vidonge vya 20/120) kwa mtu mzima ni dozi 6 kwa jumla katika siku 3, kila dozi vidonge 4: ya pili humezwa baada ya kupita saa 8 tangu ya kwanza, kisha moja asubuhi na moja jioni. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta haiingii mwilini vizuri, na usiache siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka. Maji ya kunywa yachemke kabisa kwa dakika moja. Usioge ziwani kandokando, kuna kichocho.

Nyumba ya mtumishi haikosi wageni, na Jumapili haiwi siku ya kupumzika. Chagua Bbalaza, uwaambie waumini mapema, na uishike.

Kuelekea Juni 3, Siku ya Mashahidi, mahujaji humiminika Namugongo, karibu na Kampala, wengine kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Ukiishi Kampala utapigiwa simu na watu wa nyumbani wanaotafuta pa kulala. Andaa mikeka, jaza madumu ya lita 20 ya maji, na nunua unga wa posho katikati ya Mei.